Mstari Wangu Ulishuka, Akina Mama Wakakimbia Kisima

Mama Editha, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimeharibu na naona aibu hata kurudi kijijini kwetu Busi. Naitwa Munira, nakaa Area D, nasoma chuo hapa Dodoma, tunafundishwa kugeuza takwimu kuwa michoro ambayo mtu akiitazama tu anaelewa, na darasani nasifiwa kweli, basi mwezi uliopita nikajitolea kuwachorea bango kijijini, kuonyesha jinsi watoto wanaoharisha walivyopungua tangu tupate kisima cha pampu, nikachora mstari unaoanzia juu unashuka hadi chini, nikalibandika kwenye ukuta wa zahanati, nikawahi gari la kurudi mjini. Kumbe akina mama mstari wanaoujua ni ule wa kadi ya kliniki, ambao ukishuka maana yake mtoto anakonda, wakaamini kisima ndicho kinachowamaliza watoto, na sasa wanachota maji ya korongoni kama zamani. Hata mama mdogo Mwantum, aliyenilea, kaacha pampu, na mjukuu wake ameshaanza kuharisha. Nilimpigia kumweleza, akanijibu, "Munira, nimekuza watoto saba kwa kadi ile, leo wewe unifundishe kusoma mstari?" Nichore bango jingine lenye rangi na maelezo mengi nilitume, au ninyamaze tu?

Munira, marahaba. Pole, mwanangu, lakini aibu yako iweke pembeni kwanza, kuna mtoto anaumwa. Mpigie mama mdogo sasa hivi, usibishane naye habari ya mstari, mwombe ampeleke mtoto zahanati. Ukimaliza, piga simu zahanati walibandue hilo bango leo leo.

Mama mdogo hakukosea. Alisoma kama wauguzi walivyomfundisha miaka yote. Wewe ndiye uliyechora ukimfikiria mwalimu wako, ukabandika na kukimbilia gari bila kumuuliza mama hata mmoja, "Hapa unaona nini?" Swali hilo ni la dakika mbili! Rangi na maneno mengi hayataponya kitu. Hesabu watoto ambao hawakuugua, ili mstari upande juu, usomeke sawa na kadi yao.

Na usitume. Jumamosi nenda mwenyewe, uwaombe radhi akina mama mbele ya watu, bila kujitetea. Bango lililokamilika usilibebe. Beba karatasi tupu, kaa na mama mdogo, na kalamu ashike yeye.