Mkeka Chini ya Breki

Cicily, niko kando ya barabara hapa Kiirua.

Ile mikeka ya raba ya gari! Ulisema nichukue ya vishikizo. Mimi nikang'ang'ania ile mipana isiyoshikwa na kitu, eti itabeba matope yote ya Ruiri. Tena nikatandika gunia chini yake, zulia la gari lisilowe.

Leo mteremkoni mkeka wangu umeteleza, ukajikunja chini ya breki. Nakanyaga, haishuki. Nakanyaga, haishuki! Mbele kuna punda na mkokoteni wa maji.

Nikavuta breki ya mkono. Tumesimama punda akipumua kwenye boneti.

Mkeka nimeutoa, gunia nimetupa. Lakini mwanangu Karwirwa ameshuka na begi lake.

"Panda, breki ni nzima."

"Tangulia, mami. Mimi nitakuja na miguu."