Mji Aliotoa Mkaguzi

Kandida, acha hivyo vitunguu usome. Natoka kwa Felista, mbavu zinaniuma. Leo ndiyo nimejua kilichomwokoa Mwalimu Mkude, enzi zile za kijiji cha ujamaa pale Mlali.

Sisi tukiwa la tano, mkaguzi wa shule aliingia darasa la saba, akamuuliza Felista kwa Kiingereza mwalimu mkuu yuko wapi. Felista akajibu, "He hath gone to the shamba."

Hath, Kandida. Hath.

Mkaguzi akamgeukia Mwalimu Mkude, aliyekuwa akiwafundisha Kiingereza. "Ndugu, Waingereza wenyewe hiyo hath walishaizika, siku hizi ni has. Umeifukua wapi? Nakuhamishia Kisaki." Kisaki, kwa tembo. Mwalimu mwenyewe hajui ilikotoka.

Felista anajua, ila anaogopa kumjibu mkubwa moja kwa moja. Ikamtoka tu, "Kitendawili."

Mkaguzi naye Mluguru, akadakia, "Tega."

"Mkoloni kaondoka, ulimi wake umebaki jikoni kwa bibi."

Akafikiri wee, akashindwa. Darasa zima, "Tupe mji."

Unajua alitoa upi? Kisaki. Ndio uliokuwa mdomoni.

"Nilikwenda Kisaki," Felista akasema, "nikala, nikanywa, wakanipokea vizuri. Jibu ni hath. Bibi alimpikia sista Mwingereza, akimsikia akisoma Injili ya Kiingereza cha zamani. Mimi nimeiokota kwa bibi tukimenya mihogo."

Mkaguzi akakohoa. "Hata hivyo, mwalimu ata..."

Felista akamkatiza, "Ndugu mkaguzi, Kisaki umeshatupa, ni mji wetu. Ukitaka kumpeleka mwalimu huko, utuombe sisi wenyewe."

Mzee wa watu alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu Mkude akabaki, akatufundisha hadi tukamaliza.

Na wewe ukitaka kwenda Kisaki, kapige hodi kwanza kwa Felista.