Beseni la Mke wa Mungu

Lanzhou, 9 Oktoba 1987

Mwanangu Lanxiang,

Kwa heshima kuu nakutangazia wewe, ukoo mzima wa Kou, na mbuzi wa jirani yetu Xing, kwamba daktari amenipiga marufuku kuvuta kiko. Baada ya hayo, hujambo? Kifua changu bado kinapiga mluzi. Humu chumbani mwako kiwandani natembea dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mpaka wa chini wamegonga dari.

Sasa sikiliza, maana hekalu letu hapo Shuoling umeachiwa wewe, mimi nikitibiwa huku. Mungu wa Mji hana makuu, sanamu yake ipanguse vumbi tu. Enzi za uhai wake alikuwa jemadari, kushindwa amezoea. Kazi iko kwa mkewe, chumba cha nyuma. Kila jioni mtandikie kitanda, mpangie viatu, mjazie beseni maji ya kunawa. Asubuhi yakiwa yamepungua, amenawa, amekukubali. Yasipopungua, hakutaki: funga hekalu, ufunguo mpe Xing, urudi kazini, nami nizeekee hukuhuku mjini. Beseni usiliinue. Baba yangu hakuliinua, wala mimi.

Baba yako

Shuoling, 20 Oktoba

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Kiko chako cha akiba nimekiona nyuma ya mungu.

Silali. Upepo wa jangwani unatikisa milango kama mdai. Mwanzoni nilicheka, lakini asubuhi maji yalikuwa yamepungua. Nikamshuku paka, nikafunga mlango. Yakapungua tena. Nikamwambia Mzee Xing.

"We binti," akasema, "babu zetu waliletwa hapa kulinda mpaka. Mpaka ukahama, hakuna aliyetuambia. Mji huu, ukikubaliwa na yeyote, shukuru."

Unanijua, Baba, sijawahi kutulia mahali. Xi'an nilikimbia, na hapo Lanzhou hata mashine yangu ya kufuma hainitaki. Huyu bibi ananitaka. Nakusudia kuacha kazi.

Binti yako

Lanzhou, 28 Oktoba

Lanxiang,

Salamu baadaye. Kazi ya serikali haiachwi kwa sababu ya maji. Usiandike barua yoyote kabla sijafika, naulizia basi. Na beseni nimesema usiliguse.

Baba

Shuoling, 4 Novemba

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Yangu ya kuacha kazi nilishaituma, na kiwanda kimekubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Chumba wanakitaka mwezi huu, kwa hiyo njoo na blanketi langu.

Usihangaike, hekalu lina mwenyewe. Wazee wamechinja kondoo, wamenivisha ufunguo shingoni mbele ya mungu. Mke wa Xing alilia, kisha akaomba mguu wa kondoo.

Leo nimefanya usafi wangu wa kwanza kama mtunzaji. Nikaona bibi aliyenikubali anastahili beseni linalong'aa, nikaliinua nikalisugue kisimani. Tofali lililokuwa chini yake limeloa.

Beseni lina ufa.

Binti yako