Watu Wazima Watatu na Pasi Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijarukwa na akili. Nina karakana ya kushona nguo, mafundi wanne, na sheria yangu ni moja tu, hakuna kugusa kazi ya mwenzako bila kuniuliza. Jumanne nilikuwa hospitali kwa mama mkwe, simu nimeizima, narudi nakuta moshi mpaka mlangoni, naingia mbio, Mungu wangu! pasi imelala juu ya gauni la bibi harusi, fundi wa kupiga pasi yuko msalani, na watu wazima watatu wamesimama wanaitazama, mmoja simu sikioni ananipigia mimi! Nikaiinua mwenyewe huku napiga kelele, "Hivi nyie mna wazimu? Pasi tu imewashinda?" Mkataji wangu, mzee wa watu, mpole kupita kiasi, akajibu taratibu, "Mama, hukuwepo kuturuhusu." Nilidhani ananikejeli, kumbe anasema kweli! Sasa ameniaga, Jumamosi ndiyo mwisho wake, na bila yeye karakana haipo, ingawa nakiri mwaka jana alirekebisha mkono wa blauzi ya fundi mwingine bila kuniuliza, mteja akaupenda, mimi nikaufumua palepale mbele ya wote ili liwe fundisho. Nifanyeje abaki?

Bosi Aliyechanganyikiwa

Dada yangu, pole kwa gauni, na mama mkwe apate nafuu. Pole zangu zimeishia hapo. Yaani umfumulie mzee kazi nzuri hadharani, halafu ushangae hakugusa pasi? Loo! Fundisho lilieleweka, tena vizuri sana. Hao hawana wazimu, wanakuogopa wewe kuliko moto.

Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, waite wote wanne, umwombe mzee radhi mbele yao, maana mbele yao ndipo ulipomwaibisha. Sheria yako uifute kwa mdomo wako: anayeona kazi inaharibika aiokoe, maelezo baadaye. Mkabidhi mzee usimamizi wa meza zote, na akiamua tofauti na wewe, nyamaza, katembee kidogo. Kwa bibi harusi nenda mwenyewe, useme kosa ni lako.

Huenda mzee akaondoka hata hivyo, na ana haki. Lakini watatu watabaki. Safari hii kilichoungua ni gauni. Ingekuwa ni mwenzao anaungua, wangekupigia simu mara ngapi kwanza?