Usukani wa Landrova ya Baba

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Kwako Dada Nyamisi,

Shikamoo Dada. Za hapo Kiriba? Mihogo imekubali mwaka huu au mvua bado inawachezea? Na Mama, goti linamruhusu kufika kanisani? Mimi mdogo wako mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi. Roho ndiyo sijui niisemeje, na ndiyo imenishikisha kalamu.

Najua utacheka, barua zama hizi! Lakini nikipiga simu Baba anakaaga hapo hapo ubavuni kwako, namsikia anavyokohoa, halafu anakunyang'anya: "Gari limefikia wapi?" Na mimi najibu, "Bado kidogo, Baba." Miaka mitatu nasema bado kidogo. Kwa hiyo hii nampa kondakta wa basi la Musoma akufikishie. Isome ukiwa peke yako, shambani, popote, siyo mbele yake.

Unakumbuka ilivyoanza. Bosi Faraji, huyu mwenye yadi ya kuuza magari, alikuwa ametoka kutembea Butiama, gari lake la kifahari likamfia pale Kiabakari. Baba alikuwa anapeleka dagaa sokoni Bunda, akamvuta kwa Landrova na magunia yote juu. Jamaa alishukuru mpaka akaja nyumbani. Akalizunguka lile gari, akaligongagonga mlango, akasema, "Mzee, hii ni mali, mjini watu wanaitafuta kwa tochi. Nipe niende nalo, na huyu Bwire aje afanye kazi kwangu, tulifufue pamoja. Miezi sita linarudi jipya." Baba alisema anachotaka ni kuliona linang'aa kabla ukungu haujamfunga macho kabisa.

Siku ya kuondoka akanisimamisha kizingitini, akatia maji mdomoni, akanipulizia kifuani, baraka ya wazee wetu. Mzee mzima wa kanisa! "Nenda nalo, urudi nalo." Kwetu anayepuliziwa hafungui mdomo, anapokea tu, maana atakachosema hapo kinakuwa kiapo. Mimi na kiherehere changu nikajibu, "Nisiporudi nalo, nisivuke mlango huu." Mama akanikanyaga mguu, lakini neno lilishatoka. Wewe ulicheka, na mimi nikacheka.

Dada, sasa sicheki tena.

Mwanzo palikuwa patamu, sikufichi. Bosi siyo mtu wa kufoka, ananiita mwanangu. Akaleta injini mpya ya dizeli, nikaishusha ile kuukuu kwa mikono yangu. Akaleta gia boksi, nikafungua ya zamani. Milango ilikuwa imeliwa na kutu, ikaja mingine. Vile viti Baba alivyovishona kwa uzi wa nyavu vikatoka na harufu yao ya dagaa, vikaingia vya ngozi. Pawa stelingi, kiyoyozi, taa za kisasa, ehe! Kila nilichofungua nilikuwa nafurahi, namwona Baba anavyoduwaa. Nikawa fundi kweli kweli. Tukikaribia kumaliza, Bosi anakuja na jambo lingine: "Tusimtie mzee aibu, mwanangu. Bado kidogo."

Sasa limekwisha, limewekwa mbele ya yadi. Wateja wanapiga nalo picha, halafu wanaingia ndani kununua mengine. Wiki iliyopita nikamfuata. "Bosi, Baba anapofuka. Niruhusu niende nalo."

Akanishika bega kwa upole. "Uende na lipi? Injini yangu, viti vyangu, milango yangu. Nionyeshe humo cha mzee wako ni kipi."

Hata kadi ya gari, tulipobadilisha injini aliniambia isajiliwe upya kwa jina la yadi, mambo yaende haraka. Nikaweka sahihi kwa niaba ya Baba. Mimi huyu huyu, uliyenifundisha kusoma!

Nikalizunguka gari natafuta. Haki ya Mungu, nililala hadi uvunguni. Nikakuta chasisi tu, nayo imepakwa rangi hata huitambui. Hakuna mwizi aliyekuja, Dada. Ni mimi niliyemnyang'anya Baba gari lake, kipande kwa kipande, kwa spana yangu, huku napiga mluzi.

Bosi anasema nikitaka nikae, kazi ipo, chumba kipo. Geti liko wazi na basi la Musoma linapita hapo nje kila asubuhi. Lakini nikifika nitasimama wapi? Mlango wa nyumbani nimeufunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Hapa siwezi kukaa nikilitazama, huko siwezi kuingia. Nimekwama, na nina hasira ambayo haina pa kwenda, maana wa kumpiga ni mimi.

Jana nilikwenda nyuma ya yadi kwenye rundo la vyuma chakavu, lori la kuvichukua linakuja kesho. Nikauona usukani wa zamani. Unakumbuka ulipopasuka Baba akauzungushia uzi wa nyavu? Upande wa kulia uzi umelika, pale anapoukamatiaga. Nimeuosha nikaufunga kwenye shuka yangu, uko hapa kitandani. Ndicho pekee nilichookoa.

Nisalimie Mama, mwambie mguu alionikanyaga unaniuma mpaka leo. Nisalimie shemeji Mafuru, mumeo, mvuvi wetu asiyejua kuogelea. Na Shangazi Nyanjura wa Murangi, mwambie wale samaki wake, furu wa kukaanga, nawatamani sana.

Sasa Dada, wewe ndiye Baba anayekusikilizaga. Mwambie yote, usinipunguzie kosa hata moja. Akimaliza kufoka, muulize kama naweza kuja na usukani peke yake. Hatajibu, unamjua. Mpe maji kwenye kikombe akiwa amekaa karibu na mlango, halafu usiseme neno. Akiyanywa, basi, usinipigie, nitaelewa. Akiyapuliza kizingitini, nipigie saa hiyo hiyo.

Simu siizimi.

Mdogo wako,
Bwire