Tepu Yako Imesomeka, Eliamani

Eliamani, ndugu yangu,

Tepu imesomeka. Nimetaka ulijue hilo kwanza, maana yanayofuata hayana utamu.

Tangu malaria ikuchukue, naingia peke yangu kwenye chumba cha kompyuta pale chuoni, na zile kadi zako za programu, kama mjane aliyeachiwa shamba asilojua mipaka yake. Kila nikiipa mashine tepu ya picha za setilaiti, inanitapikia namba zisizo na kichwa wala miguu. Nilikulaumu, nisamehe. Mtu anakufaje na kazi iko nusu?

Halafu nikakumbuka uliponipeleka kwenu Suji, kule milimani, mimi niliyekulia kambi ya mkonge, nisiyejua ndiva ni nini. Zamu yenu ya kumwagilia ilifika, ukaizibua ndiva, lile bwawa la ukoo, lakini mfereji hukuugeuzia shambani. Nikakushangaa. Ukasema, "Maji ya kwanza ni tope, bwana. Yaache yapite." Basi nikafanya hivyo hivyo. Mwanzo wa tepu ni maelezo ya setilaiti yenyewe, si picha. Nikaiagiza programu iyaruke yote ndipo ianze kusoma, na namba zikatulia.

Nililia, sikufichi. Uliniambia maji hutoa namba ndogo, kwa hiyo nikatafuta namba ndogo. Nilishajiona nawaonyesha wakubwa mahali maji yanapokaa kule bondeni, ili kijiji kipya cha ujamaa kijengwe karibu nayo na mama yako asiteseke. Si ndilo ulilokuwa unalihangaikia? Lakini toka milimani hadi bondeni namba zilikuwa kubwa tupu, karatasi baada ya karatasi. Mawingu, Eliamani. Siku setilaiti ilipopita juu ya Upare, kulikuwa na mawingu. Na tepu nyingine hatuna.

Hata ingekuwa safi, tumechelewa. Kijiji kimeshapimwa na kitongoji chenu chote kimeshushwa bondeni. Nilipanda basi hadi Same, nikatembea mpaka kwa mama yako. Nilimkuta ndiyo kwanza anarudi kisimani, debe kichwani, vumbi hadi magotini. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akauliza hata kabla hajatua debe, "Mwanangu aliona nini huko juu?"

Nikamwambia mawingu.

Akasema, "Mawingu hata sisi tulikuwa tunayaona." Hakusema kwa ubaya. Akanipa maji ya kunywa, nikanywa funda moja tu, kwa kuwa nilijua yametoka mbali kiasi gani.

Wewe ungepata la kumwambia. Mimi nimeachwa na mashine inayosoma vizuri na haina cha kusoma. Nimechoka, ndugu yangu, na sina wa kumuuliza.

Pumzika. Kila likizo nitakwenda kumtekea maji, nakuahidi. Siku nyingine zote atateka mwenyewe.

Masanja