Hesabu Niliyompa Dada Yako

Mwanangu kipenzi,

Salamu zangu zikufikie wewe, mkeo na huyo kitinda mimba wenu. Mimi mzima, miguu ndiyo inayolalamika, nami siisikilizi. Usiniulize tena katika kila barua kama nakula. Nakula. Wapwa zako hawajambo. Mkubwa anakohoa kidogo, mdogo amevunja sahani mbili juma hili akasema ni paka, na paka hatuna.

Barua hii nimeiandika siku tatu. Unajua sikukanyaga darasa. Herufi alinifundisha dada yako kwa kijiti juu ya udongo mbichi, akinicheka kila nilipoipindua moja. Jirani angeniandikia upesi, lakini haya si ya kupitia mdomo wa jirani. Vumilia mwandiko.

Umeniambia umepata wakili, na mwezi ujao unakuja kumshitaki daktari aliyempasua dada yako kwa kuwa alitudanganya. Unasema dada yako alikwambia kwenye simu kwamba anakufa mmoja kwa wawili wanaopona, na sasa umesikia sivyo. Kabla hujakata tikiti, kaa kitako usome.

Siku daktari alipotuita, dada yako hakuweza kusimama, nikaenda peke yangu. Daktari akasema ule uvimbe ukiachwa, ana mwaka, na maumivu yana dawa. Akipasuliwa akapona, amepona kabisa. Ila upasuaji wenyewe ni mzito: katika kila wagonjwa wawili wa namna ile, mmoja hafiki nyumbani. Alilisema mara mbili, polepole, akiniangalia usoni. Hakuficha kitu.

Nami nikalisikia kifinyanzi. Wewe uliikimbia kazi hii kwa kuogopa moshi, lakini unakumbuka tunavyofungua tanuri. Vilivyopasuka kushoto, vizima kulia, kisha tunataja fungu kwa fungu. Tukisema kimoja kwa viwili, ni kigae kimoja kwa kila vyungu viwili vizima. Hatuvijumlishi, nani ana haja ya kuhesabu vigae pamoja na vyungu? Basi daktari alipotaja mmoja na wawili, mimi niliona fungu la kushoto na fungu la kulia. Nikarudi wodini karibu nikimbie. Nikamwambia dada yako ni mmoja kwa wawili.

Alicheka, na hakuwa amecheka kwa majuma. Akasema hilo ni tanuri zuri, mama, tumefungua mabaya zaidi tukashukuru. Kisha akanishika mkono, akaniambia neno ambalo wewe hulijui: kwamba ingekuwa nusu kwa nusu, asingepanda ile meza. Angerudi nyumbani auishi mwaka wake na wanawe, maumivu na yawepo. Ndipo akakupigia simu.

Kesho yake nikawa namsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili habari zetu njema. Muuguzi mmoja mnene, tuliyemwita Bwana Taratibu, alikuwa akitandika shuka, akanisikia. Akaniomba tutoke. Kwenye veranda akatoa sarafu mfukoni, akaniuliza sisi wafinyanzi tungeihesabuje. Nikamwambia kimoja kwa kimoja, fungu la kichwa sawa na fungu la namba, hata mtoto anajua. Akasema ndiyo, na daktari angeiita sarafu hiyohiyo moja katika mbili, kama alivyosema juu ya mwanao, kwa sababu yeye huhesabu tanuri zima, vigae na vyungu pamoja. Hicho kimoja kwa viwili ulichompa mwanao, akasema, daktari angekiita kimoja katika vitatu. Nikamwambia anatafuta maneno ya kumtisha kikongwe.

Hakukasirika. Akairusha sarafu mara thelathini, mimi nikichora mistari kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Ikawa kumi na sita huku, kumi na nne huku. Nikayatazama yale mafungu mawili, nikilitafuta lile fungu kubwa la wazima. Halikuwepo. Nikakaa chini.

Akaniuliza kama aende yeye kumweleza. Nikamwambia huyo ni mwanangu, nitamweleza mwenyewe.

Sikumweleza.

Hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi. Alipasuliwa Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili nzima, mwanangu. Nilimsuka nywele, nilimkata kucha. Jumatano, karatasi ya kukubali ilipoletwa, akaniuliza tena kama nina hakika ni mmoja kwa wawili. Nikasema nina hakika. Akatia sahihi, na mimi ndiye niliyemshikia karatasi isiteleze.

Hakufumbua macho tena. Jumamosi akakata roho. Tulipokwenda kuchukua mwili nilikutana na Bwana Taratibu mlangoni. Alinitazama tu, akajua sikuwa nimemweleza.

Usinitafutie udhuru. Utasema nilifanya kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, na uchoyo ulikuwepo. Nilitaka mtoto mzima, sikutaka mwaka. Na mwaka wenyewe haukuwa wangu hata niukatae. Ulikuwa wake, na wa hawa watoto wawili. Kukosea kuhesabu ni ujinga wangu, na ujinga nimezoea kuubeba. Hili jingine nililifanya nikijua.

Kwa hiyo mwache daktari wa watu afanye kazi yake, na wakili mrudishie makaratasi yake. Njoo, lakini hasira zako uzilete hapa nyumbani. Nitakufungulia mlango, na hutanisikia nikijitetea.

Watoto sijawaambia. Kwanza nimetaka ujue wewe, kwa kuwa ndiye mjomba wao na sina mwingine wa kunihukumu. Uamue kama wabaki kwangu au uwachukue. Ukisema unawachukua, nguo zao nitazifunga mwenyewe, na sitalia mbele yao. Ukisema wabaki, mkubwa nitamwambia yote akifikisha miaka kumi na mitano, kama bado nipo, na nisipokuwepo umsomee barua hii.

Msalimie mkeo, mwambie sweta alilonitumia limenikaa vizuri. Nangoja jibu lako, liwe refu au liwe neno moja.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa wewe na yeye.